Kamera Isiyokufa

Jumatatu, 21 Agosti 1995

Barua ya Wahu imefika na basi la asubuhi. Mke wangu haandiki salamu ndefu. Anasema kaka yake Kang'ethe anafungua duka la pili la vifaa vya ujenzi kule Karatina na anataka mtu wa kupima misumari. Nisipofika Jumatatu ijayo, kazi anapewa mwingine, na yeye Wahu hatanitetea tena kwa watu wao. Ila nikipata kazi moja ya maana hapa Garissa, moja tu, nibaki na studio yangu kwa amani.

Misumari! Miaka sita ya sanaa, halafu nisimamiwe na shemeji anayeiita kamera yangu "hicho kisanduku".

Kazi ya maana ipo. Mzee Korane, mfanyabiashara wa ngamia kutoka Banissa, anamwoza binti yake Ruweyda Ijumaa hii, hapa hapa mjini. Nikipiga picha za arusi hiyo, ukoo mzima utanifuata. Tatizo ni Guled wa studio ya ng'ambo ya barabara. Ana kamera mpya ya Dubai, inajipimia mwanga yenyewe. Ameiweka dirishani juu ya mahameri. Leo nimepita pale mara nne bila kuitazama.

Jumanne, 22 Agosti

Nimeamka na mpango. Muuza chai kaniambia kwamba kwenye arusi ya binti mkubwa wa Mzee Korane, kule Takaba, kamera ya mpiga picha iliingia vumbi ikafa katikati ya sherehe. Mzee hajasahau. Kumbe hataki kamera nzuri. Anataka kamera isiyokufa. Na hiyo ninayo mimi, Koome, peke yangu.

Kamera yangu ya Kirusi ilianguka kutoka juu ya lori pale Modogashe, mkokoteni ukaipitia. Ilitumbukia Mto Tana, nikaikausha siku tatu ndani ya gunia la mchele. Mwaka juzi Wahu aliirusha ukutani, na kilichobanduka ni lipu. Ina kasoro moja, tena si kasoro: mtu hutazamia kwenye kidirisha cha pembeni, si kwenye lenzi. Macho mawili, kila moja na kazi yake.

Saa nne nikaenda soko la mifugo. Nikapanda juu ya tangi la maji, wazee wote wakiniangalia, nikaiachia. Ikadunda mara mbili. Nikashuka mbio, nikaiokota, na papo hapo nikampiga picha ngamia mweupe wa Mzee Korane, huku nikimsifu kwa sauti: mnene, maziwa tele, sijaona mfano wake toka Isiolo hadi hapa. Wazee wakatazamana. Nadhani ni mshangao. Nikamwomba Mzee Korane kazi ya arusi, akasema nitapata jibu. Guled naye alikuwepo. Alicheka, lakini kicheko cha woga.

Jumatano, 23 Agosti

Ngamia amekataa kula.

Nimeitwa nyumbani kwa Mzee Korane. Aliyeniita ni mama yake, Mama Arbia, ambaye watu wote humwita Ayeeyo, yaani nyanya. Akanieleza pole pole, kama anayeongea na mtoto, kwamba ukisifu mnyama au mtoto wa mwenzio bila kusema Mashaallah, jicho lako linamdhuru. Mimi angenisamehe, kwa kuwa ni mgeni na nina mdomo, nitajifunza. Lakini kisanduku changu kinatazama na hakina mdomo wa kusema chochote. Tena hakifi. Akaniuliza, kitu kilichoanguka kutoka juu ya tangi kisife, kinaishi kwa nguvu ya nani?

Guled alikuwa pembeni akinywa chai. Akawaambia kwa upole kwamba kamera yake yeye ikianguka inavunjika tu, kama kitu cha halali. Mnafiki huyu.

Jioni watu wawili waliokuja kupigwa picha za kitambulisho wamefika mlangoni wakageuka.

Alhamisi, 24 Agosti

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kama kamera haina mdomo, nitaipa.

Neno Mashaallah limechorwa kwenye paji la lori la Mzee Korane mwenyewe. Nimesimama mbele ya lori hilo saa nzima nikilinakili, herufi kwa herufi, kwenye kifuniko cha lenzi. Nimetumia rangi ya kucha aliyoisahau Wahu, nyekundu kabisa. Dereva aliniuliza kama ninaumwa.

Nikampelekea Ayeeyo. Akakisogeza kifuniko karibu na macho, akasema neno limepinda lakini lipo. Kumbe hata ngamia alikuwa ameanza kula tangu alfajiri. Mzee Korane akahesabu siku kwa vidole. Akasema picha za rangi za Guled lazima ziende Nairobi, zikae siku kumi, na yeye Jumapili anarudi Banissa. Zangu si za rangi, lakini naziosha mwenyewe usiku mmoja. "Bicha mkononi Jumabili asubuhi," akasema kwa lafudhi yake, tukapeana mikono.

Ayeeyo ameweka sharti moja: kila mtu aonyeshwe neno kabla ya kupigwa picha. Nimeapa.

Nimemwandikia Wahu kwamba kazi nimepata, na Kang'ethe ajipimie misumari yake. Barua imeondoka na basi la jioni. Nimelia kidogo, kwa furaha.

Ijumaa, 25 Agosti

Siku yangu! Sijawahi kufanya kazi hivi. Mikanda mitatu ya filamu, yote imekwisha.

Nimemwelekezea kamera kila mtu, akalisoma neno, akasema Mashaallah kwa sauti, nami nikabonyeza. Wazee, bwana arusi Mowlid, shangazi kumi na mmoja. Ruweyda alipotoka na hina zake, watu wote uani wakalisema neno pamoja, na mimi pia. Sijaona watu wakiitazama kamera kwa furaha namna ile. Ayeeyo alikuwa akinitikisia kichwa kwa kukubali kutoka kwenye mkeka wake.

Ajali moja tu. Walipomleta ngamia mweupe, alinipiga kumbo nikaanguka kifudifudi, kamera ikaruka, kifuniko kikatoka. Nikaidaka palepale chini, nikabonyeza mara moja nikiwa nimelala, ili wajue Koome hashindwi. Kisha nikafuta vumbi, nikarudisha kifuniko mahali pake, nikaendelea na kazi.

Guled alikuwa mgeni mwalikwa. Alikuwa na kamera yake, akipigapiga picha bila mtu kumwomba. Aliniangalia sana siku nzima, mdomo wazi. Wivu ni ugonjwa.

Jumamosi, 26 Agosti

Filamu ambayo haikuona mwanga hutoka nyeupe, unaona ukuta kupitia kwake.

Nimeona ukuta.

Mkanda wa kwanza mweupe. Wa pili mweupe. Wa tatu mweupe isipokuwa picha moja. Nimekaa chini ya meza ya chumba cha giza hadi adhana ya saa saba. Imeniuma, sitasema uongo. Kamera yenyewe haina hata mkwaruzo.

Jumapili, 27 Agosti, Mwingi

Asubuhi Mzee Korane alikuja studio na mama yake, nikampa picha moja: miguu ya ngamia, na katikati ya miguu Ayeeyo kwenye mkeka, ameshika mbavu kwa kicheko. Akaitazama muda mrefu. Akasema kule Takaba angalau alipata nusu ya arusi. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Akavuka barabara kwenda kwa Guled. Filamu ya Guled ilishaondoka jana kwenda Nairobi, na Mzee ataahirisha safari yake siku kumi kuingoja.

Ayeeyo ndiye aliyeichukua picha yangu. Akaiweka kifuani, ndani ya shuka, akasema hizo nyingine jicho limefumba kwa heshima, sasa lina adabu.

Nimefunga studio. Guled alinibebea sanduku hadi kwenye basi, akanishauri kwa sauti ya chini kwamba siku nyingine nitoe kifuniko kwanza. Watu wengine wana dharau.

Sasa basi limesimama Mwingi, abiria wanakunywa chai. Kesho misumari. Lakini nimepata muda wa kufikiri, na kosa nimeliona, ni dogo tu. Neno liliandikwa upande wa nje, ndiyo maana watu walilisoma na kamera haikulisoma. Rangi ya kucha ninayo mfukoni. Nikifika Karatina, kabla hata ya kumsalimu Kang'ethe, nitaliandika upande wa ndani, ili jicho lijisomee lenyewe.