Shauri la Kitenge Kilichoishia Ndani ya Barakoa Saba

Kijiji cha Chimtengo, Dedza
14 Julai 2020

Kwako Bambo Kapalamula,
Mjomba wa mke wangu na nkhoswe, msimamizi wa ndoa yetu,

Baada ya kukuamkia kwa magoti yote mawili, naleta mashtaka dhidi ya mpwa wako Eneless, aliyehamia kwako juzi na mkeka wake. Ndoa yetu uliisimamia wewe, kwa hiyo sina pengine pa kulia.

Kwanza, hana shukrani. Korona ilipofunga shule, mimi mwalimu mzima niliketi kwenye cherehani yake niiokoe familia. Nilishona barakoa saba kwa siku nne, nje mashati yangu ya zamani, ndani kitambaa kizito. Alipoiona ya kwanza aliuliza, "Baba Tadala, hii ni ya mdomo au ya kumfunga mbuzi asile mahindi ya watu?"

Pili, anadharau ufundi. Ni kweli barakoa niliyompa mchungaji ilimziba macho. Ni kweli pia mikunjo niliielekeza juu, nikarudi kutoka sokoni nimebeba vumbi la kutosha kupanda mchicha. Lakini nani alizaliwa fundi?

Tatu, lastiki. Madukani haikuwepo, nikachomoa ya chupi zangu. Sasa kanisani mkono mmoja unashika kitabu cha nyimbo, mwingine umo mfukoni unashikilia siri. Mke gani hamwonei huruma mume wa namna hii?

Nne, ndilo shauri lenyewe. Jumamosi jirani alifiwa. Eneless akafungua sanduku atoe kitenge cha marehemu mama yake, dada yako, kile anachojifunga kila msiba. Akakuta pindo tu. Hakunitukana. Alikwenda msibani na kitenge cha kuazima, akarudi, akakunja mkeka. Mjomba, angenipiga mwiko ningeelewa. Kimya kile kimenishinda.

Utetezi wangu ni huu: kitenge kilikuwa kikuukuu, hakina alama, na mwanamume hawezi kujua kipi ni cha mama mkwe na kipi ni cha kubebea kuni.

Kwa hiyo naomba uitishe kikao cha koo zote mbili, umtoze kuku wa faini, akiri hadharani kwamba barakoa zinaziba, na arudi kabla ya Jumapili, maana nsima ninayoipika mimi inakatwa kwa panga.

Wasalimie shangazi, watoto, na huyo kuku kama yuko karibu.

Mkwe wako mtiifu,
Wyson Chikopa
Mwalimu, na fundi kwa kulazimika

Nyongeza: Nimeambatanisha barakoa ya saba. Igeuze. Utaona herufi mbili za uzi mwekundu alizozidarizi dada yako. Niliziona kabla ya mkasi, Mjomba. Nilijua ni cha nani. Nilikikata kwa sababu ndicho kilichokuwa kizito kuliko vyote nyumbani, na Eneless ana pumu, nami niliogopa. Hiyo yenye herufi ni yake. Nilikosa uso wa kumpa. Kuku nimeshamkamata. Kesho naja naye kwa miguu.