Pipa la Denyse na Uhuru Wangu wa Kusema

Jumatatu, 26 Januari

Miaka ishirini na mbili naimba kalipso hapa Port of Spain, na bado Bwana Seepaul, meneja wa hema letu la maonyesho, kanipanga wa tatu. Wa tatu ni saa ya watu kutafuta viti na kupanga foleni ya chapati za dengu. Nikishuka jukwaani hakuna anayejua kama nilipanda.

Nimechoka. Wanaoandikwa magazetini ni wale waliopungiwa tishu za chooni na hadhira, maana hapa ndivyo mwimbaji anavyofukuzwa jukwaani. Mimi hata kuchukiwa sijawahi. Lodi Kiberiti, mwimbaji mwenzangu mwenye sauti ya mbuzi, alipungiwa mwaka juzi, na sasa anaalikwa redioni kila wiki.

Uamuzi: nitaimba jambo ambalo hakuna anayetaka kulisikia.

Jumatano, 28 Januari

Nimelipata. Wimbo unaitwa “Mama Pipa.” Unawasema akina mama waliokwenda Marekani, wakaacha watoto kwa bibi zao, na kila Krismasi wanatuma pipa la mchele, viatu na sabuni badala ya kuja wenyewe. Beti nne. Zimetoka kwa siku moja.

Niliziandika nikiwa nimekalia pipa, kwa kuwa ndicho kiti pekee chenye nafasi ya miguu. Dada Merle, ninayeishi kwake tangu nistaafu posta, aliuliza naandika nini. Nikamwambia mambo ya jamii. Akasema basi jamii isogee, anataka sabuni.

Pipa limetumwa na binti yake, Denyse, aliyeko Brooklyn, Marekani, mwaka wa tisa. Karatasi zake za ukaazi zimetoka mwaka jana, sasa anaweza kutoka na kurudi, na tiketi ameshakata. Anaingia tarehe 12 kwa ajili ya Kanivali. Alimwacha mtoto wake Kezia ana miaka minane. Sasa Kezia ana kumi na saba, na wiki hii ameosha mapazia mara mbili.

Wimbo haumhusu Denyse. Ni wa jumla.

Ijumaa, 30 Januari

Usiku wa kwanza. Sikutaka kubahatisha. Nilichukua roli kumi na mbili za tishu kutoka kwenye pipa nikaziweka kwenye viti vya mbele kabla milango haijafunguliwa, ili hasira isikose vifaa.

Nikaimba. Nikangoja. Hakuna aliyepunga. Ni tishu za Brooklyn, laini, zenye matabaka matatu. Kina mama walizipapasa, wakatazamana, wakazitia mikobani. Mmoja alikuja nyuma ya jukwaa kuniuliza kama zimebaki.

Jumapili, 1 Februari

Kumbe kuna mtu alinirekodi kwa simu. Wimbo umefika Brooklyn, Toronto na London kabla mimi sijafika sokoni. Redioni asubuhi wasikilizaji walipiga simu kwa muda wa saa mbili mfululizo. Mama mmoja muuguzi alisema ameosha vikongwe wa watu miaka kumi na nne ili wanawe wasome, na angependa kuniosha mimi kwa maji ya moto. Mwingine aliuliza mama yangu alinilisha nini. Muuza samaki amekataa kuniuzia, kanishauri nikavue.

Hatimaye nimechukiwa. Nilidhani nitafurahi zaidi ya hivi.

Jumanne, 3 Februari

Denyse alimpigia dada Merle. Haji. Wenzake kazini wanamchezea wimbo kila akiingia kubadilisha nguo. Amesema hawezi kuja kutembea Kanivali huku kila kona anaimbiwa na mjomba wake. Likizo amempa mwenzake, na nyingine hapati hadi mwakani.

Dada Merle hakunipigia kelele. Alikaa jikoni na simu mapajani. Halafu akasema, “Bertie, uondoe huo wimbo. Sijawahi kukuomba kitu.”

Nilimweleza kwamba msanii akinyamazishwa leo, kesho atanyamazishwa mwalimu, keshokutwa kasisi. Akaniuliza kama kasisi naye kamuibia tishu.

Kezia hakula.

Alhamisi, 5 Februari

Nilikwenda kwa Bwana Seepaul kusema huenda nikaubadilisha wimbo, kwa ajili ya familia. Hakuniacha nimalize. Tiketi zimekwisha hadi wiki ijayo. Amenipandisha kipindi cha pili, wa mwisho kabla ya Lodi Kiberiti. Akanishika bega akaniita mzee wa uhuru wa kusema.

Ningefanyaje? Miaka ishirini na mbili. Nimemwambia dada kwamba mambo yako mbioni.

Jumamosi, 7 Februari

Leo walinipungia. Ukumbi mzima ulikuwa mweupe. Nilisimama katikati nikalia kidogo, wakadhani ni majuto, wakapunga zaidi.

Kisha akapanda Lodi Kiberiti. Mwanaharamu huyu katunga wimbo juu yangu, kwa jina langu, Bertie. Kwamba nalitukana pipa huku nimevaa viatu vya pipa. Kwamba shati ni la pipa na chupi pia. Alinyoosha kidole hadi kwenye viatu, na vilikuwa ndivyo, kwa sababu vile vingine vinanibana. Walimrudisha jukwaani mara nne. Bibi mmoja alicheka hadi akatolewa nje kupata hewa.

Nimemfuata Bwana Seepaul palepale. Nimemwambia ule wimbo upigwe marufuku. Kila kitu kina mipaka, mtu ana heshima yake na familia yake. Akasema, “Mzee, kalale.”

Nimeandika barua kwa gazeti, kurasa tano.

Jumatatu, 9 Februari

Barua haijatoka. Dada Merle kaniomba jambo moja tu: nimpigie Denyse, niseme samahani, basi. Tiketi yake bado inafaa, na mwenzake yuko radhi kurudisha likizo. Neno moja.

Nilipiga nikiwa na nia njema kabisa. Lakini nilianza kwa kumfafanulia ubeti wa pili, ambao watu wengi hawauelewi. Alinisikiliza. Nilipofika ubeti wa tatu akauliza, “Mjomba, siku ile naondoka, nani alinipeleka uwanja wa ndege?”

Nikasema ni mimi.

“Na nilipotaka kushuka garini nirudi kwa Kezia, ulisemaje?”

Nilisema nenda, hapa hakuna kitu, sisi tutamlea. Nakumbuka vizuri. Yeye nikamwambia mtandao ni mbovu.

Samahani sikuisema. Dada aliniuliza imekuwaje, nikasema tumezungumza kwa mapana.

Alhamisi, 12 Februari

Ndege ya kutoka Marekani ilitua saa tisa. Kezia alikwenda kuipokea ingawa aliambiwa mama yake haji. Alivaa gauni lake la kanisani. Alisimama pale hadi abiria wa mwisho na mabegi yake wakatoka, kisha akarudi. Dada Merle alikuwa amepika kaa na majani ya kalalu ya watu wanne. Tulikula watatu. Moyo uliniuma. Naandika hivi kwa sababu ni kweli.

Niliona niseme kitu. Nikamwambia Kezia kwamba wimbo ule niliutunga kwa ajili yake, yeye na watoto wote walioachwa, wasio na wa kuwasemea.

Aliweka kijiko chini. Hakupaza sauti. “Babu, nani alikutuma unisemee? Mimi nilitaka mama. Nani alikutuma?”

Dada Merle akafunika uso kwa kitambaa cha sahani.

Mwili ulinisisimka. Nani alikutuma unisemee. Neno hilo lina uzito, lina mapigo, mtu akilisikia mara moja halisahau. Kwa mwaka mzima nisingebuni kiitikio kama hicho. Nilitoa kalamu, nikamwomba Kezia aseme tena, polepole kidogo, na safari hii asilie katikati.