Mazabodi ya Mkwe

Jumatatu, 14 Julai

Siku ya sita tangu barua yangu ya posa ifike kwa Mzee Amiri. Jibu bado. Nakula sishibi, nalala sipumziki, namwona Sihaba, binti yake, hata kwenye sufuria ya chai.

Leo Mjomba Ausi, mshenga wangu, karudi kutoka kwao kabeba kitu kizito kakifunga kwa kanga. Nikadhani zawadi. Kumbe kompyuta! Ya dukani kwa Mzee Amiri, pale barabarani Zinga, anapochapia watu barua na kutoa kopi. Ukiiwasha inalia pii, pii, pii, kioo cheusi ti. Mzee kasema barua imemtaja mposaji kuwa ni fundi kompyuta. Basi mposaji aitazame. Jibu la posa Ijumaa.

Yarabi! Mimi nauza chaja na hedifoni. Hilo la ufundi nilimwambia Mjomba aliongeze ili barua ipate uzito. Lakini chaja na kompyuta si zote zinakula umeme? Ni ndugu tu.

Nimeifungua ubavu. Ndani kuna mazabodi, ule ubao mkubwa wa kijani ambao kila kitu kimechomekwa juu yake. Nimechomoa vyote, kebo, plagi, kadi, ili nijue kila kimoja kinakaa wapi. Sasa ndiyo sijui kabisa vilikaa wapi.

Jumanne, 15 Julai

Mposaji haonekani ukweni kabla ya jibu. Ni adabu. Kwa hiyo kila swali lazima lipitie kwa Mjomba, na Mjomba ana lugha moja tu, ya posa. Nimemtuma akaulize hizo pii zilianza lini. Akavaa kanzu, akajifukiza udi, akaketi mkekani kwao na kusema upande wa kiumeni umekuja kwa heshima na taadhima kuulizia pii. Wakamletea chai na vitumbua. Karudi saa saba mchana, kashiba, jibu kalisahau.

Nimeendelea peke yangu. Kuna kadi ya picha, na sloti mbili za kuichomeka, moja ndefu nyeusi, moja fupi nyeupe. Nimeichagua nyeupe, inapendeza. Kadi ikagoma. Nikaisukuma. Ikagoma. Kaidi kweli! Nikaazima tupa kwa seremala, nikaipunguza meno kidogo. Sasa imeingia, imekaa upande kidogo.

Jumatano, 16 Julai

Nimekwenda kwa Gertruda. Huyu ana kibanda cha ufundi ng'ambo ya barabara, mkabala na pale ninapouzia chaja, kasomea, cheti kakitundika ukutani kila apitaye akione. Simpendi. Nikamwambia nina rafiki yangu anakaa kule Vigwaza, kompyuta yake inalia pii mara tatu. Akasema bila hata kuinua kichwa kwamba hiyo ni RAM, ile kadi nyembamba ya kumbukumbu yenye meno ya dhahabu. Hewa yetu ya chumvi inayatia uchafu. Rafiki aichomoe, ayasugue meno taratibu kwa kifutio cha mwanafunzi, airudishe mpaka vibanio vilie tak.

Kisha akanitazama. Muda mrefu mno.

Kifutio! Nikacheka peke yangu njia nzima. Bibi yangu anang'arisha masinia yake ya shaba kwa ndimu na chumvi, nani atamfundisha usafi? Nimekamua ndimu tatu, nimetia chumvi, nimesugua meno ya RAM, na sloti zake pia, na mazabodi yenyewe pale palipoonekana pachafu. Nimeanika uani. Inang'aa kama iliyotoka kiwandani jana!

Alhamisi, 17 Julai

Nimewasha. Hakuna pii hata moja. Nikaruka juu!

Ukatoka moshi. Halafu harufu ya achari iliyoungua. Halafu umeme wa nyumba nzima ukazimika, na mwenye nyumba akaniita jina ambalo siliandiki humu.

Ikabidi nipande bodaboda, kompyuta mapajani, hadi kwa Gertruda. Akaniuliza Vigwaza hawajambo? Akafungua. Akanusa. Akauliza kwa upole ni nani aliyekamua ndimu. Nikasema hata mimi nashangaa.

Akaisafisha kwa dawa yake, akatia RAM nyingine, akachomeka kila kebo mahali pake huku akipiga mluzi. Kadi yangu ya tupa akaiweka kando kama samaki aliyeoza. Bahati, mazabodi ina tundu lake lenyewe la kutolea picha. Akawasha. Picha! Sharti lake moja tu, nimwambie Mzee Amiri ukweli. Nikaapa.

Nimemtuma Mjomba airudishe na kusema kijana kaitengeneza kwa mikono yake miwili. Mikono si niliitumia?

Ijumaa, 18 Julai

Mjomba karudi baada ya swala, kofia mkononi. Mwaka wa thelathini huu anaposea watu, anasema hajawahi kurudi na aibu kama ya leo.

Mzee Amiri alijua tangu Jumapili. Gertruda alishaitazama dukani kwake, akamwambia ni uchafu wa RAM, kazi ya dakika mbili. Mzee akamwomba aiache hivyo hivyo, apate kumjua anayemtaka binti yake. Sasa kamjua, Gertruda kamsimulia yote. Kauliza pia meno ya kadi yake yamekwenda wapi.

Jioni Sihaba kapiga simu. Kasema mwaka jana alinunua chaja kwangu, ikafa siku ya pili, nikambadilishia bila kubishana, nikamwomba radhi. Huyo ndiye aliyemtaja kwa baba yake. Huyu fundi kompyuta hamfahamu. Akakata.

Nimelia, na sioni haya kuandika. Naogopa kumkosa kuliko ninavyoogopa kitu chochote duniani.

Mzee kanipa nafasi moja. Kesho niende mwenyewe, niseme kwa kinywa changu kazi yangu ni nini.

Jumamosi, 19 Julai

Nimesema! Nauza chaja. Si fundi, sijawahi kuwa fundi. Ndimu nimesema, tupa nimesema. Mzee akacheka mpaka akajifuta machozi, akasema posa imekubaliwa. Mtume! Bi Tatu, mama yake Sihaba, akapiga vigelegele. Pazia la ndani likacheka, na sauti ile naijua.

Bi Tatu akaleta sharubati ya ukwaju. Akaomba radhi kwamba ni ya moto, friji lao wiki ya pili hii halipozi.

Hakuna aliyeniuliza kitu, wallahi. Nikasikia mtu anasema friji ni jambo dogo, hiyo ndiyo hasa kazi aliyozaliwa nayo. Nikageuka nimwone ni nani. Wote walikuwa wananitazama mimi. Mjomba kafumba macho.

Mzee kanitazama weee, mwisho kasema vyema. Tarehe ya harusi itapangwa friji likishagandisha barafu.

Limeshafika kwangu. Mgongoni lina kimrija chembamba cha shaba, nimekikata kidogo nione ndani kuna nini. Kimetoa pshhhhh ndefu ya gesi, kisha kimya. Dalili njema, kilichokuwa kimeziba kimetoka. Nimemtuma Mjomba akawaambie wachague tarehe.