Utafiti Kwanza, Mdoli Baadaye

Jumatatu, 1 Agosti 1988

Nimepata jambo la kufanya maishani! Muda mrefu sikuwa nalo.

Asubuhi nilikwenda Forest Hill kupima madirisha ya Mama Ingrid, mke wa Mzungu mmoja mtaalamu wa maji. Anataka mapazia. Sebuleni ana kabati la kioo. Nikadhani vikombe. Kumbe midoli! Ya udongo mweupe, ya mti, ya kitambaa, mmoja wa maganda ya mahindi. Kila mmoja na nguo zake, zimeshonwa kwa mkono, tena vizuri. Nikasahau futi shingoni, nikaondoka nayo dirisha moja halijapimwa.

Mama Ingrid aliniambia kwao watu wazima hukusanya midoli, na si wazimu. Nikamwuliza mtu anaanzaje. Akasema mdoli wa kwanza ndiye anayewaponza wengi. Wanaona, wanapenda, wananunua, wanajuta. Yeye alikaa kwanza akasoma, akauliza, akashikashika ya wenzake. Sharti ujue mdoli katoka wapi, nani kamtengeneza, nani kambeba. Asiye na habari zake, kasema, ni kipande cha mti tu.

Maneno haya yamenikaa. Felista angeyapenda. Marehemu mke wangu alizoea kusema mkono wangu una haraka kuliko macho. Ndiye aliyeishi na redio niliyoinunua Msamvu, nzuri sana kwa nje, ndani imejaa mchanga ili iwe nzito. Hakunisuta. Aliiweka chini izuie mlango, na kila upepo ukiugonga mlango alisema redio yetu leo imetangaza upepo.

Kwa hiyo naweka nadhiri. Utafiti kwanza. Nitakuwa mkusanyaji wa kwanza wa midoli mkoa mzima wa Morogoro, na sinunui kitu mpaka nijue kila kitu.

Jumanne, 2 Agosti

Kosa. Nimemweleza Nasibu.

Nasibu ni fundi redio, tunagawana baraza moja: cherehani yangu huku, nyaya zake kule. Pia ni mtani wangu, na mtani hana breki. Akatangaza barazani kwamba Laurenti, mgane mzima mwenye mvi, anataka kucheza na watoto wa bandia. Kafa Ulaya imemtia kichaa! Siwezi kukasirika, mtani hakasirikiwi. Nilimjibu kwamba redio zake zikipona huanza kukohoa.

Ila kuhusu kafa Ulaya, hizi nguo za mitumba, hakukosea. Zamani watu walipanga foleni kupata kitambaa, halafu wakaja kupanga foleni kwangu. Siku hizi ruksa, kila kitu kipo, nguo zinashuka kwa marobota. Mimi kazi yangu ni kupunguza suruali za Wajerumani wanene.

Mchana nikaanza utafiti. Yaani nilikaa nikafikiri. Ni mdoli gani ninayezijua habari zake? Mmoja tu.

Felista alipokuwa mwali, amewekwa ndani kwao Matombo, alipewa mwanahiti wa ukoo, yule mtoto wa mti ambaye wasichana humlea mpaka siku ya kutoka. Alimpa jina Sikujua. Alimpaka mafuta ya nyonyo, akamvalisha, akambeba mgongoni. Sisi wawili hatukujaliwa mtoto. Jioni nyingine akimenya viazi alikuwa anasema, unajua Baba, Sikujua hakuwahi kunililia hata mara moja. Anacheka kidogo. Anarudi kwenye viazi.

Sitaki kumnunua Sikujua, la hasha. Ni mali ya ukoo wa kuukeni. Nataka kumwona tu. Kwa ajili ya utafiti.

Jumatano, 3 Agosti

Nimenunua mdoli.

Nieleze. Nilikwenda sokoni kutafiti tu, mikono nyuma, kama bwana shamba. Salehe, muuza kafa Ulaya, alikuwa amefungua robota la nguo za watoto, na kati ya nguo akachomoza huyu! Mkubwa kama mtoto anayetambaa. Nywele za dhahabu. Ukimlaza anafumba macho, ukimwinua anafumbua. Nikauliza habari zake, kama nilivyofundishwa. Salehe, bila hata kusita, akaapa kwamba alikuwa wa binti wa daktari mkuu wa Ujerumani, na binti alilia sana kuachana naye.

Habari kamili! Mwenyewe, kazi, nchi, machozi. Ningetaka nini zaidi?

Tena mama mmoja alikuwa ameshamshika mguu. Nisingeharakisha ningemkosa. Baadaye Nasibu ameniambia yule mama ni shangazi yake Salehe, na kazi yake pale ni kushika miguu.

Huyu sitamhesabu kuwa wa kwanza. Ni chombo cha utafiti.

Alhamisi, 4 Agosti

Matombo. Barabara imezidi kuchimbika, Land Rover ilipanda kama mbuzi. Nilimpelekea Mama mkwe sukari na sabuni.

Mimi na mkwe wangu Bibi Agnes tunaheshimiana sana. Hatutazamani. Mimi hukaa uani nimeipa nyumba mgongo, yeye hukaa ndani nyuma ya pazia la mlango, na Filomena, shemeji yangu, hubeba maneno kutoka kwake kuja kwangu na kurudi, ingawa tunasikiana vizuri kabisa. Tangu tumzike Felista, ninapokwenda pale ndipo ninapojiona bado nina watu.

Baada ya shikamoo na habari za migomba, nikamwambia Filomena amwulize mama kuhusu mwanahiti. Nilijua palepale kwamba si neno la mwanamume kulitamka, lakini lilikuwa limeshatoka. Nyuma ya pazia mkeka ukachakacha. Kisha sauti: amwambie mwanahiti hatafutwi na mwanamume. Mwanahiti humfuata mwali. Mwali mwenyewe yuko wapi? Ina maana Laurenti ameweka msichana ndani?

Swali hilo lilinikuta Filomena ametoka kuangalia chungu. Nifanye nini? Siwezi kumjibu mkwe mdomo kwa mdomo. Nikanyamaza, nikatazama migomba, nikamsubiri Filomena kwa adabu.

Aliporudi, pazia lilikuwa halina mtu. Bibi Agnes ameingia chumbani, amefunga mlango. Sikupewa hata maji ya njiani. Kwao mkwe akiulizwa akanyamaza, maana yake amekiri.

Ijumaa, 5 Agosti

Balaa!

Kwanza Nasibu. Alfajiri alikwenda kituo cha magari ya Matombo kupeleka redio ya mtu. Kwa utani wake, akawatangazia wachuuzi wa ndizi kwamba Laurenti fundi ana mwali ndani, tena mweupe pe, hasemi, anafumba tu macho. Wakacheka wote. Isipokuwa wawili waliokuwa ndio kwanza wanateremka garini: Filomena na shangazi yake Magreth, waliotumwa na Bibi Agnes kuja kuona hali.

Pili mimi. Asubuhi nilimlaza mdoli kitandani ili nichunguze yale macho. Kisha nikaona vumbi litamwingia kwenye nywele. Nikamfunika na khanga ya Felista, ile moja niliyobakishiwa ukoo ulipokuja kugawana vitu vyake. Nikaenda kazini, dirisha nimeliacha wazi.

Walichungulia. Nimesimuliwa na mtaa mzima, kila mtu kwa namna yake. Magreth alipiga ukelele: Mzungu! Amelala mchana kweupe! Ndani ya khanga ya marehemu! Majirani wakajaa. Filomena hakupiga kelele. Wanasema alitazama ile khanga, akajifuta uso, akasema waondoke zao. Nilipofika ninahema, sindano bado iko mdomoni, gari lao lilikuwa limeshapita Bigwa.

Nimemwambia Nasibu leo hakuna utani. Amekunja nyaya zake mapema, akaenda zake.

Jumamosi, 6 Agosti

Ujumbe kutoka Matombo, umeletwa na muuza ndizi, ameusema mbele ya wateja: Bibi Agnes anasema nifike kesho baada ya misa, na huyo mwanamke wangu. Nikija peke yangu, nisirudi tena pale. Wala nikienda kaburini nisipite uani kwao.

Sijala. Felista amezikwa nyuma ya migomba ya mama yake. Hakuna njia nyingine ya kufika.

Nasibu alikuja jioni, mpole kama paka aliyemwaga maziwa. Aliomba angalau amtengeneze yule mdoli, ana kitu kinachogonga ndani. Akamfungua mgongo kwa bisibisi, akachokonoa, akafunga. Amesema tayari. Sikumwuliza tayari nini.

Jumapili, 7 Agosti

Naandika kabla sijavua viatu, na si kwa huzuni.

Nilimpeleka mdoli ndani ya tenga, nimemfunika. Uani kwa Bibi Agnes wanawake wa ukoo wamejipanga kama baraza la mahakama. Na katikati, Mungu wangu, wameweka kiti, wamekitandika kitambaa cheupe cha mgeni. Kando, wali na kuku. Hata wakiwa na hasira, watu hawa hawamlazi mgeni njaa.

Shangazi Magreth akauliza mgeni yuko wapi, au haamki mpaka saa sita? Nikafunua tenga. Nikamtoa. Nikamkalisha kitini.

Wote wakainama kumtazama. Kuku tu ndio waliokuwa wanasema.

Halafu mdoli akateleza kidogo kitini, akainamia mbele kuelekea mlangoni, na kwa sauti kali kuliko redio yoyote ya Nasibu, akalia: “Mama!”

Nyuma ya pazia kukatoka sauti. Mwanzo nilidhani anakohoa. Bibi Agnes alikuwa anacheka! Hajacheka tangu mazishi. Akacheka, akajaribu kukaza sauti aniulize, akashindwa, na uani wote wakaangua kicheko. Magreth alikaa chini. Mmoja akampa mdoli shikamoo.

Walipotulia, Bibi Agnes akauliza: basi mwanahiti nilimtakia nini? Filomena alikuwa bado anacheka mpaka machozi, hawezi kubeba neno lolote. Ikabidi niseme mwenyewe. Niliitazama migomba. Nikasema nilitaka kumwona Sikujua. Mara moja tu. Kwa sababu Felista alikuwa anamtaja jioni.

Filomena akajifuta machozi kwa khanga.

Bibi Agnes aliniambia, moja kwa moja, bila mtu wa katikati, kwamba hakujua kama bintiye alikuwa bado anamkumbuka. Akasema siwezi kumwona. Hivi sasa yuko ndani na Faraja, binti wa Filomena, ambaye ndiye mwali wa msimu huu, na macho ya mwanamume hayafiki kule hata yawe ya nani. Nikasema naelewa, mama. Naelewa kweli. Nikasimama.

Kisha pazia likasogea, mkono ukatoka. Ulishika ukamba wa mgomba, umefungwa mafundo. Akasema nguo ya Sikujua imeliwa na mende, Faraja anambeba hana kitu, na mkwe wake si ni fundi? Fundo hili kiuno, hili urefu. Ya kaniki. Asije akaweka mifuko.

Kiuno chake ni kama kifundo cha mkono wangu.

Nikapita nyuma ya migomba, nikakaa na Felista kidogo, nikamweleza. Nilipanda gari na ndizi nyingi kuliko nilizoweza kubeba. Yule wa dhahabu nimemwacha kulekule. Watoto walikuwa wameshamsuka.

Jumatatu, 8 Agosti

Nimeshona kutwa. Kwa mkono, si kwa cherehani. Nimefumua, nimerudia. Upindo haujapata kuwa mwembamba vile. Mteja wa suruali alikuja akanung'unika, nikamwambia nina kazi ya mtoto. Nasibu aliwasha redio polepole, asinishtue.

Jumatano, 10 Agosti

Filomena alipita asubuhi. Nguo imekaa sawasawa! Faraja amefurahi. Bibi Agnes ameigeuza nje ndani akitafuta kosa, hakuliona, akaudhika kidogo. Anasema msimu ujao kuna mwali mwingine, kwa hiyo fundi asiende mbali.

Nilitoka barazani moyo mwepesi. Nimekuwa mtu mwingine. Nimeona sasa kwamba Mama Ingrid alisema kweli: habari za mdoli kwanza, mkono baadaye. Nilikuwa najirudia hayo nikipita karibu na stendi, nilipomkuta bwana mmoja wa Dar ana robota lililofungwa kwa bati, na juu yake kwa rangi nyeusi pameandikwa kwa lugha nisiyoijua. Akasema ni midoli mitupu. Nikauliza kama naweza kufungua nione. Akasema likifunguliwa linapoteza thamani.

Hoja ya maana sana. Huyu ni mtu anayejua mambo ya ukusanyaji.

Nimelifungulia nyumbani. Ni vichwa. Vichwa vitupu, vimemwagika mpaka mlangoni, vingine vinafumba jicho moja. Nimerudi stendi mbio. Bwana yule hakukataa, mstaarabu sana. Amesema kila mtu anajua vichwa husafiri mbele, na miili iko kwenye robota la pili, linafika Ijumaa. Ameshakuja mtu wa Dodoma kuliulizia. Nimemwachia kishika uchumba papo hapo.

Nasibu ameomba kichwa kimoja akiweke juu ya meza yake kuvutia wateja. Nimemkatalia. Mkusanyo hauvunjwi.