Barua Sitini na Mbili kwa Programu ya Bure

Jumatatu, 3 Machi

“Programu ya bure inafaa kuandikia orodha ya sokoni, basi.” Maneno ya shemeji yangu, kaka wa mke wangu, leo jioni, mezani kwangu, akinywa chai yangu. Chai nayo ilikuwa ya bure. Sikumwona akiisusa.

Uongo mtupu! Mimi ni karani wa masjala mwaka wa ishirini na mbili. Nimesoma kuliko ofisi nzima. Nimewaandikia wahariri wa magazeti barua kumi na tisa (zilizochapwa: mbili), kila neno kwa programu ya bure. Shemeji anayo ya leseni, na kazi anayoifanyia ni kubadilisha rangi za herufi. Kuanzia leo, humu ndani ataitwa Bwana Leseni.

Chanzo cha ugomvi ni mama mkwe. Tarehe 16 anatimiza miaka sabini. Kesho yake anafanyiwa upasuaji wa macho, na daktari hakumwahidi kitu. Anataka kuwaona ndugu wote kabla. Bwana Leseni akajitolea kuwapigia simu. Mama mkwe akakataa. Simu, alisema, ni ya kuuliza kama umeme umerudi. Anataka barua. “Kila mmoja aitwe kwa undugu wake. Akiitwa vizuri, atakuja.”

Nikasimama. Nikatangaza kwamba barua zote zitatoka kwangu. Bwana Leseni akapaliwa na chai.

Jumatano, 5 Machi

Mke wangu amenikalisha chini kunikumbusha habari za pacha wa mama yake. Kila mmoja anadai kwamba yeye ndiye aliyetangulia kuzaliwa. Mkunga alishafariki. Miaka kumi na moja iliyopita, kwenye arusi moja, walishindana nani akae kiti cha mbele, na hawajasemezana tangu siku hiyo. Kwa amri ya mama mkwe, nyumba nzima humwita pacha “Mama Mdogo”. Pacha akisikia hivyo, hufunga mlango.

Mke wangu amesema mama yake anaomba ndugu wote waje, lakini anayemsubiri hasa ni huyo mmoja. Amenisihi niwe makini na barua yake.

Mimi! Makini ndilo jina langu la pili.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya ushindi. Wenye leseni wasome na walie.

Kidokezo cha kwanza: unaandika barua moja tu. Baada ya neno “Mpendwa” unaacha nafasi, unaielekeza kwenye jedwali la watu, unabofya. Zinatoka barua sitini na mbili, kila moja ikimwita mtu wake. Programu ya bure! Ilipomaliza nilipiga makofi peke yangu.

Kidokezo cha pili: usichape neno lilelile mara mbili. Shika kona ya kisanduku, buruta chini, visanduku vinavyofuata vinajijaza. Katika safu ya Undugu, mistari ya 17 hadi 20 nimeijaza kwa kidole kimoja. Wote wanne ni wanawake wazima wa upande wa mke wangu. Kosa litatoka wapi?

Mke wangu aliomba ahakiki. Nilimweleza kwa upole kwamba kuhakiki ni kazi ya watu wasiojiamini. Aliniangalia kama anavyoiangalia sufuria inayotaka kufurika.

Jumanne, 11 Machi

Dada wa steshenari amechapa zote. Aliuliza nimetumia programu gani. Nilimweleza kwa dakika arobaini. Wateja watatu waliondoka, bila shaka kwenda kuipakua.

Mama mkwe ametia saini karatasi sitini na mbili bila kuona hata moja. Nilimwekea kidole mahali pa saini, naye akaandika. Alisimama mara moja tu, akauliza kama ya pacha wake imo. Nikasema imo. Akaomba aishike kidogo kabla ya kuendelea.

Ijumaa, 14 Machi

Mafanikio makubwa! Simu haikatiki.

Wa kwanza ni kaka yake mama mkwe. Ameuliza tangu lini dada yake akamwita mjomba. Anakuja kumuuliza ana kwa ana. Nikamwandika: anakuja. Bwana Leseni alifika mwenyewe, barua mkononi. Mama yake mzazi amemwandikia “Mpendwa Shemeji”. Alitaka kujua kama amekanwa. Mke wangu naye akatoa yake: “Mpendwa Mke Wangu”, na chini yake saini ya mama yake.

Nilifungua jedwali mbele yao. Ni sahihi kabisa. Mjomba namwita mjomba, shemeji namwita shemeji, mke wangu ni mke wangu.

“Ndivyo unavyowaita wewe,” mke wangu akasema. “Barua si yako. Ni ya mama.”

Hoja ndogo, lakini nimeipokea. Kisha akaniuliza mstari wa 18 unasemaje. Ni wa pacha. Tukatazama. Kidole changu kilikuwa kimeburuta hadi hapo neno la mstari wa 17: “Mama Mkubwa”.

Mke wangu akakaa sakafuni. Bwana Leseni akasema Mzee wa Bure (ndilo jina alilonibandika) ametuzikia mkutano. Nikamjibu kwamba waliothibitisha ni arobaini na mmoja, na kila mmoja ameapa hakosi, hata iweje. Simu zake zingeleta wangapi?

Jumapili, 16 Machi

Wamefika hamsini na tisa! Kati ya sitini na mbili!

Pacha aliingia saa nne asubuhi, wa kwanza, amependeza kumpita mwenye sherehe, barua mkononi. Akasubiri watu wajae. Kisha akampa Bwana Leseni aisome kwa sauti. Nyoka yule akasoma vizuri sana: “Mpendwa Mama Mkubwa.”

Nikasikia kijiko kikianguka jikoni.

Mama mkwe akauliza nani ameandika hivyo. Bwana Leseni akafungua mdomo, akinitazama. Lakini mama mkwe alishanyoosha mkono. Akaichukua karatasi, akaisogeza hadi puani, akapapasa sehemu ya chini kwa kidole.

“Saini ni yangu,” akasema. Halafu akasogea kwenye kochi. “Dada, njoo ukae hapa nikuone.”

Pacha alikuwa amejiandaa kwa vita. Akatafuta pa kuweka mkoba, akakosa, akakaa nao mapajani. Walishikana mikono hadi jioni. Mke wangu alilia. Mimi niliingiwa na vumbi.

Miaka kumi na moja, wazee wa pande zote mbili wameshindwa. Kidokezo cha pili kimeweza.

Jumamosi, 22 Machi

Bandeji imetolewa jana. Mama mkwe anaona! Alimwona kwanza pacha wake, aliyelala hospitali siku zote nne, akamwambia amezeeka. Wote wawili wakacheka.

Nami sikukaa bure. Wiki hii mke wangu amelisahihisha jedwali lote, kila mtu kwa undugu wake na mama mkwe, hata mama mkwe mwenyewe. Liko safi kama maji ya kunywa. Basi nikaandika barua ya shukrani, safari hii kwa saini yangu, watu wajue kazi ilikuwa ya nani. Nikabofya. Nikazisambaza zote.

Mke wangu amepata yake: “Mpendwa Mwanangu.” Amekaa sakafuni tena. Furaha. Mama mkwe aliisoma yake mwenyewe, kwa macho yake mapya: “Mpendwa Mimi Mwenyewe.” Aliirudia mara tatu, kisha akaomba aitiwe daktari.

Bwana Leseni, nanyi nyote mliomcheka Mzee wa Bure: futeni programu zenu leo, kabla ya chakula cha jioni, mje kwangu na majina ya ndugu zenu. Jedwali ninalo. Msilete mtu wa kuhakiki.