Gundi ya Sura ya Saba

Jumatatu, 3 Machi
Barua ya mhariri imefika. Nimeifungua kwa meno. Anakipenda kitabu changu cha watoto! Anazipenda zile hotuba kumi na mbili zilizotikisa dunia. Kazi za mikono zinazofuatana nazo, hana hakika. Anauliza, kwa upole wake ule wa kuudhi, kama kuna mtoto yeyote aliyewahi kuzijaribu.

Swali gani hilo? Mimi mwenyewe sijazijaribu.

Anataka picha za watoto wakifanya Sura ya Saba, "Tetea Jambo Lako", kabla ya Jumatatu ijayo. La sivyo nafasi yangu atapewa Bwana Volkano. Huyu hukaa meza inayotazamana na yangu maktabani. Ameandika kitabu kimoja tu, cha kutengeneza volkano nyumbani, na nasikia zote hulipuka kama alivyosema. Majivuno hayo!

Jumanne, 4 Machi
Natafuta jambo la kutetea. Nimemwuliza dada yangu kama hajui dhuluma yoyote ya karibu. Dada ni fundi cherehani, nami nimejishikiza kwake kwa muda (mwaka wa nne huu). Akasema anaijua moja: kuna mtu anakula kwake na haoshi sahani. Nikamweleza kwamba nataka dhuluma ya umma.

Jioni mpwa wangu amerudi kutoka maktabani na hakugusa chakula. Ana miaka tisa, na maneno yake ya kutwa nzima yanajaa kiganja kimoja. Tumemvuta maneno hadi yakatoka. Kumbe kuna tangazo mlangoni: kuanzia wiki ijayo, chumba cha watoto kitakuwa stoo ya viti vibovu. Na ndipo anaposoma kila siku hadi mama yake afunge kazi. Hana pengine pa kukaa. Chumba cha kushonea kina pasi ya moto, na sebuleni hupita wateja wenye makelele.

Nilimwonea huruma kwelikweli. Kisha nikazikumbuka picha alizozitaka mhariri. Mungu anisamehe, huruma ilitangulia, ila si kwa hatua nyingi.

Jumatano, 5 Machi
Mpango umeiva! Jumamosi mkutubi mkuu anakutana na wasomaji ukumbini. Watoto wanaosoma chumba kile wataingia kwa mstari na mabango, mpwa wangu atasoma hotuba, mimi nitapiga picha. Hotuba nimeiandika leo. Kurasa sita. Ina "enyi" kumi na nne.

Mpwa ameipima uzito mkononi. Akauliza kwa nini zile hotuba ninazozisifu kitabuni nyingi ni fupi. Nikamwambia wale walikuwa na haraka.

Dada anasema mtoto huyu hata mwalimu akiita majina, "nipo" yake haisikiki. Nikamwambia asihofu, mjomba yupo. Akasema hicho hasa ndicho anachokihofia.

Alhamisi, 6 Machi
Watoto wanane sebuleni. Kitabu mezani. Tukaanza na vipaza sauti vya maboksi, kwa vipimo vyangu. Tundu la kuwekea mdomo likatoka kubwa kiasi cha kuingiza kichwa. Watoto wakayavaa maboksi kama kofia, wakafurahi sana. Nimeandika pembeni: "pia ni kofia".

Kisha gundi. Kitabu kinasema: changanya unga wa ngano na maji, paka. Kitoto kimoja kikauliza kama haipikwi kwanza, maana bibi yake huipika. Nikamwambia kitabu hakijasema kupika. Akauliza nani ameandika kitabu. Watoto wa siku hizi!

Tukapaka, tukabandika mabango kwenye fito. Yakasimama! Dada akapita na pini mdomoni, akasema angeyapiga uzi mara moja tu yashike. Nikakataa. Kitabu kinasema gundi.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekutana na Bwana Volkano kwenye ngazi za maktaba. Ameshasikia. Akasema chumba kile kinamuuma hata yeye, akanitolea stepla mfukoni. Mtu anatembea na stepla! Nikamshukuru na kuikataa. Anataka jina lake jaladani, namjua.

Nimepakia kila kitu kwenye mfuko mmoja: hotuba, kopo la gundi iliyobaki, kitambaa. Leo nitalala kama mshindi.

Jumamosi, 8 Machi
Niandike tu.

Jua lilikuwa kali. Bango la kwanza lilianguka mbele ya lango, la pili kwenye ngazi. Tulipofika ukumbini hapakuwa na hata moja. Watoto wanane wakaingia na fito tupu, wakasimama wima mbele ya watu wote. Mkutubi mkuu akapandisha miwani kwenye paji la uso.

Nikamwashiria mpwa asome. Akaitoa hotuba kwenye ule mfuko wangu. Kopo lilikuwa limevuja. Gundi ile ile iliyoshindwa kushika mabango ilikuwa imezishika kurasa sita zikawa tofali! Akajaribu kona, akajaribu ukucha. Nikatamani ardhi ipasuke inimeze, si kwa ajili ya kitabu tena. Kwa ajili yake. Nilimweka pale mimi.

Mkutubi mkuu akauliza, bila ukali, fito hizo ni za nini. Mpwa wangu akaliweka tofali chini. Akasema zilikuwa na maneno, yameanguka, basi atayasema. Akasema viti vibovu havisomi. Wao wanasoma. Mama yake anamaliza kazi saa kumi na mbili, na kabla ya hapo yeye hana pengine. Akasema asante, akarudi kwenye mstari.

Kisha Bwana Volkano akasimama kule nyuma, akasema viti vikitengenezwa stoo ya nini, na yeye nyundo anayo. Watu watatu wakanyoosha mikono. Mkutubi mkuu akasema miaka yote hii alikuwa akingoja mtu aseme atavitengeneza, akaenda mwenyewe kulibandua tangazo.

Sikupiga picha hata moja. Nilikuwa nalia kwenye kitambaa chenye gundi.

Jumapili, 9 Machi
Nyusi zimenibanduka kidogo.

Bwana Volkano ameleta picha kumi na moja alizopiga kwa simu yake. Hataki chochote. Hila gani hii? Nimezituma zote kwa mhariri, pamoja na maneno ya mpwa wangu.

Jumatatu, 10 Machi
Mhariri amepiga simu. Ile picha ya fito tupu ndiyo itakayokwenda jaladani! Anataka maneno ya mpwa wangu yawe hotuba ya kumi na tatu, yote kama yalivyo, bila nyongeza. Nimeshaandika utangulizi wa kuyaeleza. Kurasa sita.

Akasisitiza pia nirekebishe gundi. Nimerekebisha. Hatua ya nne: usipike. Hatua ya tano: ngoja mabango yaanguke. Hatua ya sita: gandisha hotuba. Mambo yaliyofaulu hayabadilishwi.

Dada anasema leo mwalimu alipoita majina, "nipo" ya binti yake ilisikika hadi darasa la jirani. Alisema huku anashona, na sindano ikaenda kombo. Nimefurahi hata nikaosha sahani. Moja.

Jumamosi Bwana Volkano anaanza kutengeneza viti na watoto. Maskini, atapoteza muda kwa misumari. Nimeanza kitabu kipya, "Kitengeneze Kiti Mwenyewe", na nitakwenda kumwonyesha njia rahisi zaidi. Ajabu, dada ameuficha unga wote wa ngano. Nitaazima kwa jirani. Kiti cha kwanza nitamkalisha mkutubi mkuu.