Dawa Yangu ya Karanga

Jumatatu, 12 Juni 1995. Newala.

Soko huria limefika, na mimi nilikuwa tayari siku nyingi. Leo Abdulkadiri, mnunuzi kutoka Masasi, amekataa karanga za nusu ya kijiji. Ukungu! Amesema ule ukungu wa kijani una sumu, unaharibu ini. Za jirani yangu Pancras amezipokea huku akizisifu. Pancras! Mtu asiyesikiliza hata redio. Mimi nasikiliza. Walisema wataalamu wanajaribu kuua ukungu kwa maji ya majani ya dawa. Majani? Mwarobaini ninao nyuma ya choo. Nimelala mchana nikiwa tajiri.

Jumatano, 14 Juni.

Nimetwanga mwarobaini, mchaichai na vitunguu saumu mpaka machozi yakanitoka. Maji ni ndoo aliyoteka mke wangu, Mama Violet, bondeni alfajiri, akapanda nayo mlima mzima kichwani. Ameuliza atapikia nini. Nikamwambia taifa linasubiri. Akasema taifa likateke lenyewe. Pancras kachungulia uani, kauliza kama nimeanza kupika gongo. Wivu huo.

Ijumaa, 16 Juni.

Bwana Shamba wetu, Erasto, kapita. Kijana wa Kilimanjaro, mpole mno. Kanusa dawa yangu, kasema, “Baba Violet, majani haya huenda yakasaidia kweli, bado yanachunguzwa. Lakini karanga zilizolowa hazina dawa.” Eti zichambuliwe, zianikwe mpaka zikauke kabisa. Nimemsikiliza kwa heshima. Kwao wanakula ndizi, atajua nini?

Kwetu limebaki gunia la Mama Violet tu, darini juu ya meko, linafukizwa moshi tangu mavuno. Ni la siku binti yetu Violet atakapotoka unyagoni. Wageni lazima wale karanga zilizolimwa na mama wa mwali, hiyo ndiyo heshima yake. Basi hizo hizo! Mama Violet alipokwenda bondeni nimeziteremsha, nimezimwagia dawa yote, nimezifunga kwenye mfuko wa nailoni, nikaukaza kabisa, nguvu isitoroke. Nimezisukuma uvunguni. Darini nimepandisha gunia la pumba ili asishtuke.

Jumapili, 25 Juni.

Baada ya ibada nimetangaza kwamba siku ya Violet watu wataona maajabu. Abdulkadiri nimemwalika. Pancras kacheka mpaka kakohoa. Chumbani kuna harufu. Mama Violet anazilaumu soksi zangu. Nimepitisha mkono uvunguni. Mfuko una joto! Dawa inafanya kazi.

Jumamosi, 1 Julai.

Siku mbaya. Violet katoka, kapakwa mafuta, kanga mpya, vigelegele. Nikaomba kimya. Nikaeleza sayansi. Nikafungua mfuko.

Kijani. Kijani na nyeusi, na vumbi lake likapaa. Abdulkadiri akaziba pua kwa kofia. Erasto akakataza hata kuku wasipewe, akazifukia mwenyewe. Shangazi Fatu, kungwi wa mwanangu, akauliza kwa sauti karanga za mama wa mwali ziko wapi. Mama Violet akapanda darini, akakuta pumba. Hakunigombeza. Alikaa chini ya ngazi akalia, kanga mdomoni, mbele ya wageni wote. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Mke wa Pancras, Pili, akaondoka, akarudi na ungo wa karanga kavu zinazonuka moshi. Akauweka mikononi mwa Mama Violet ili agawe mwenyewe. Violet alikula akimtazama mama yake. Mimi hakunitazama.

Jumatatu, 3 Julai.

Mama Violet hasemi nami. Ugali naletewa na Violet, naye anauweka chini na kuondoka. Nimekaa, nimefikiri kwa uaminifu kabisa, na kosa nimelipata. Dawa ilikuwa kidogo. Tena ule moshi ulikuwa umeshazizoesha karanga uvivu.

Darini yamebaki mahindi ya mbegu. Ngazi Mama Violet kaificha, lakini Pancras kaniazima yake. Kaileta mwenyewe begani, na ndoo ya maji ya kuchanganyia dawa mkononi, bila hata kuombwa. Hatimaye ameanza kunielewa.